Leo Tunalima Nini

Kila asubuhi, kabla hata hajammiminia chai, Mama Pacha alimuuliza baba yake swali lile lile: "Baba, leo tunalima nini?"

Hakuuliza kwa kutojua. Nyanya na mchicha vilivyokuwa shambani alivipanda mwenyewe, na mgongo ukamuuma mwenyewe. Aliuliza ili ajue mzee ameamkia mwaka gani. Baba yake, ambaye bonde zima lilimwita Bwana Maji, alikuwa ameacha kukaa katika mwaka mmoja kama sisi wengine. Alilala mwaka huu akaamkia mwingine, na hakuna aliyejua kesho ataamkia wapi, yeye mwenyewe akiwa wa mwisho kujua.

Na hili ni bonde la kupotelea kirahisi ukiwa na ugonjwa wa namna hiyo, kwa sababu halijawahi kuhesabu miaka kwa kalenda. Linahesabu kwa kilichokuwa shambani. Ukiuliza fulani alizaliwa lini, utaambiwa miaka ya pamba, au utaambiwa mpunga ulikuwa unatoa masuke. Mwanzo yalikuwa magimbi na ndizi. Watu wa magimbi ndio waliochimba mfereji, kwa kuwasha moto juu ya mwamba na kuumwagia maji ya baridi mpaka upasuke, shibiri baada ya shibiri, kutoka mtoni mpaka kwenye miteremko ambako hapo kabla kulikuwa na mbigili tu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kisha pamba, nayo haikuja, ililetwa. Kila nyumba iliamriwa kulima, na wapo waliolala na njaa huku ghala limejaa kitu kisichotafunika. Wahenga walisema mkulima ni mmoja walaji ni wengi, lakini wahenga hawakuiona pamba. Funza walipoimaliza hakuna aliyelia. Ukafuata mpunga, ukalijaza bonde maji mpaka mtu akawa anaona mawingu miguuni pake, na huo ndio wakati watu walioa, wakajenga, wakanenepa. Halafu mto ukaanza kupungua mwaka hata mwaka, mpunga ukadai maji yasiyokuwapo, na bonde likahamia kwenye vitunguu, ambavyo havina makuu, hunywa kidogo na kushukuru. Mpaka leo ni vitunguu, na nyanya, na kila mtu ana simu yenye bei za sokoni.

Bwana Maji aliyapitia yote hayo. Alizaliwa kwenye magimbi, akabalehe kwenye pamba, akaoa kwenye mpunga, akafiwa na mke vitunguu vilipoanza. Kwa hiyo akiamkia magimbi alikuwa mtoto mdogo, naye Mama Pacha alikuwa shangazi wa kuombwa ndizi mbivu. Akiamkia pamba alikuwa kijana asiye na mke, na alimsalimu binti yake kwa adabu kubwa, akamuuliza ametoka ukoo gani na kama kwao wako mabinti wengine. Siku hizo Mama Pacha alicheka mpaka akashika mlango. Akiamkia mpunga alikuwa mume wa mtu na baba wa mtoto mchanga, na yule mwanamke mwenye mvi aliyempa uji alikuwa shemeji yake aliyekuja kusaidia uzazi.

"Shemeji," alimnong'oneza, "mtoto amelala?"

"Amelala," alijibu Mama Pacha, ambaye ndiye huyo mtoto.

Ni kwenye vitunguu peke yake ndipo alipomjua. Na vitunguu vilikuwa vinazidi kuadimika. Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya mvua. Alimwita mwanangu, kisha akalalamika kwamba uji hauna sukari. Tangu siku hiyo mwanamke huyu alitia sukari hadi kijiko kikasimama, na kila asubuhi aliuliza swali lake akisubiri kusikia "vitunguu." Wanawe mapacha walikuwa wameshaolewa mbali, mumewe alikwishatangulia mbele ya haki, na hapa duniani mtu wa kumwita mwanangu alibaki huyo mmoja. Tusidanganyane, lilimuuma.

Jibu lililomjia mara nyingi zaidi lilikuwa mpunga. Na mpunga ulikuwa na balaa lake.

Miaka ya mpunga Bwana Maji alikuwa mgawa maji wa mfereji. Chini ya nyumba yake, pale mfereji mkuu unapogawanyika, kuna lango la mawe mawili yenye mfuo, na katikati ya mfuo kinapita kibao cha mti mgumu. Ukikiinua kibao, maji yanateremka bondeni. Ukikishusha na kukandika tope, yanaendelea na safari yake kwa wengine. Kutoka langoni huwezi kuona majaruba ya chini, yale mashamba ya mpunga yenye kingo, migomba inaziba. Kwa hiyo watu wa bonde walikuwa na utaratibu wao. Mgawa maji aliinua kibao akaita, "Maji hayooo!" Kisha akasubiri. Aliyekuwa kule chini, jaruba lake likishakunywa la kutosha, aliitika, "Nimepokea!" Hapo ndipo kibao kilishushwa, si kabla. Kimya maana yake shamba bado lina kiu, na kumfungia maji mtu ambaye hajaitika lilikuwa kosa la kutengwa nalo.

Siku hizi hakuna anayeita. Zamu hutangazwa kwenye simu, kila mtu anajua saa yake, anakwenda langoni anafungua na kufunga mwenyewe, mdomo umefumba.

Jaruba la chini kabisa, siku hizo za mpunga, lilikuwa la Bwana Maji mwenyewe, na aliyeitikia kutoka huko alikuwa mkewe. Alipofariki, mzee hakuweza tena kulitazama eneo lile, akamwachia mtu mwingine. Huyo mtu bonde linamwita Kitunguu, na si kwa sababu ya zao lake tu. Kila aliyegombana naye alirudi nyumbani akijifuta machozi.

Sasa piga picha. Ni wakati wa mavuno. Kitunguu amekwishang'oa vitunguu vyake na kuvilaza juu ya matuta vikauke jua, na kitunguu kilicholazwa ni kama unga uliotwangwa, kikipata maji hakifai tena. Asubuhi yake Bwana Maji anaamkia mpunga. Mama Pacha yuko jikoni akipuliza kuni zilizogoma. Mzee anateremka, anainua kibao, anasimama. Kufikia jua kuchomoza, matuta ya Kitunguu yalikuwa yanaelea.

Kitunguu alipanda mlima akiwa na tope mpaka mapajani. Aliweka kitunguu kimoja kilicholowa juu ya meza ya Mama Pacha, katikati ya vikombe.

"Huu ndio msimu wangu," alisema. "Wote uko hivi."

"Tutakulipa, jirani."

"Sijaja kulipwa. Nimekuja uone."

Akaondoka, na kile kitunguu kikabaki pale mezani siku nzima, hakuna aliyethubutu kukitoa.

Kamati ya maji ikakutana. Mwenyekiti wake ni mkunga mstaafu aliyewazalisha nusu ya wanakamati kwa mikono yake, na kwa hiyo hakuna anayembishia. Ilipendekezwa lango litiwe mnyororo na kufuli. Likatiwa. Asubuhi ya mpunga iliyofuata Bwana Maji alilitazama lile kufuli kama mtu aliyekuta mgeni kitandani mwake, kisha akapiga magoti akatoboa ukingo wa mfereji pembeni ya lango kwa mikono mitupu. Maji yakamwagika zaidi ya mwanzo, na wanaume walishinda kutwa nzima wakiuziba ukingo. Kufuli likaondolewa haraka kuliko lilivyowekwa.

"Mdogo wangu," Mwenyekiti alimwambia Mama Pacha, akimshika mkono nje ya ofisi ya kamati, "baba yako ni baba yetu. Lakini watu wanakula kutoka kwenye haya matuta. Yakiingia tena kwa Kitunguu, itabidi mzee akakae na kaka yako mjini. Mimi sina njia nyingine, na nimeitafuta."

Kaka mtu, ambaye kwa kweli alikuwa mdogo wa Mama Pacha ingawa amemzidi kitambi, alikuwa fundi wa lifti mjini. Aliishi ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti, na kwa utani huo alishatukanwa vya kutosha, tumwache. Hakuwa mtoto mbaya. Alisema chumba kipo, televisheni ipo, mke wake hana neno. Mama Pacha akajiona akimpandisha baba yake ngazi zile, akamkalisha mbele ya dirisha lenye ukuta wa jirani, akamuuliza, "Baba, leo tunalima nini?" Alijua mti mzima ukiung'oa haufi siku hiyo hiyo. Majani hubaki mabichi siku kadhaa, hata ukadhani umeshika.

Akaamua kumlinda yeye mwenyewe. Alihamisha kitanda chake akakiweka mbele ya mlango wa baba yake. Na asubuhi ya mpunga ilipokuja, hakumzuia. Alimfuata.

Mzee aliinua kibao kwa ustadi wa mtu aliyekiinua maisha yake yote. Akaweka viganja mdomoni. "Maji hayooo!" Sauti yake ilikuwa bado na nguvu, ikashuka bondeni, ikapita juu ya migomba. Halafu akainamisha kichwa upande akasikiliza. Kimya. Akaita tena. Kimya. Mama Pacha akasogea, akashika kibao akishushe kabla maji hayajafika kwa Kitunguu.

Bwana Maji alimdaka mkono. 

"Shemeji, unafanya nini? Hajaitika."

"Maji yametosha, baba… shemeji."

"Hajaitika," alisema mzee, na machozi yakaanza kumtoka. "Dada yako yuko kule chini na jembe, peke yake, katoka uzazi juzi. Hajaitika. Nitamfungia maji vipi?"

Hapo ndipo Mama Pacha alipoelewa. Bonde zima lilidhani mzee anafungua lango kisha anasahau kulifunga. Hakusahau hata siku moja. Alikuwa anamsubiri mkewe aseme ametosheka, na mkewe alikuwa chini ya udongo tangu vitunguu vianze.

"Nimepokea," alisema Mama Pacha pale pale.

Mzee akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake ameanza kuchanganyikiwa. "Wewe uko hapa," alisema taratibu. "Aliye chini ndiye aitike."

Basi Mama Pacha, mwanamke wa makamo mwenye goti bovu, akakunja kanga yake na kukimbia. Alipita kwenye migomba, akaruka kijito, akafika kwenye mpaka wa shamba la Kitunguu akiwa hana pumzi hata ya kumezea mate. Maji yalikuwa yanakuja nyuma yake, yakibingirisha majani makavu. Akapiga ukelele: "Nimepokeaaa!" Akasubiri. Maji yakapungua, yakawa uzi, yakakatika futi chache kabla ya tuta la kwanza. Aliketi chini akacheka na kulia kwa pamoja, na mbwa wa Kitunguu akaja kumnusa.

Aliporudi juu alimkuta Bwana Maji ananawa miguu, ametulia kabisa. "Jaruba leo limeshiba upesi," alisema.

Dawa ikawa imepatikana, ingawa ni dawa ya mtu kukimbia mteremko kila asubuhi ya mpunga. Mama Pacha alikimbia. Watu waliokuwa wanakwenda mashambani walizoea kumwona, wakamtania kwamba anafanya mazoezi ya kuolewa tena. Naye aliwajibu kwamba akiolewa atachukua mwenye gari, mteremko umemtosha.

Lakini mtu mmoja hakai pande mbili za migomba. Asubuhi moja, akiwa kule chini ameshaitikia, maji hayakukatika. Alirudi mbio. Bwana Maji alikuwa ameteleza akishusha kibao, ameketi ndani ya mfereji, maji yanampita kifuani, mikono yote miwili bado imeshikilia ule mti. Hakuwa na hofu. Alikuwa na aibu.

"Usimwambie dada yako," alisema.

Alimtoa, akakishusha kibao mwenyewe, akamkausha, akamfunika blanketi mbili, na kutwa nzima akakaa naye akimsugua vidole. Hapakuwa na njia. Mmoja awe juu na mzee, mwingine awe chini aitike. Na aliyekuwa chini kila asubuhi, akinywa chai yake kando ya matuta, alikuwa mtu mmoja tu.

Alimkuta Kitunguu bandani, anachambua vile vilivyopona na kuvitia kwenye magunia ya wavu. Kitunguu hakumkaribisha lakini alimsogezea ndoo aketi. Mama Pacha alimweleza yote, toka mpunga mpaka kuanguka. Alieleza wito, na jibu, na kimya maana yake nini.

Kitunguu aliendelea kuchambua kwa muda. "Kwa hiyo unataka nijifanye mke wake."

"Nataka uitike tu."

"Neno ambalo mkewe alikuwa anaitika."

"Lile lile."

"Mama Pacha, hebu nitazame. Mimi, na ndevu hizi. Hapa bondeni. Wakisikia, wataniita Bi Kitunguu mpaka wanifukie."

Mama Pacha alicheka bila kutaka, lakini Kitunguu hakucheka. Akachukua kitunguu, akakibonyeza, maji machafu yakatoka, akakitupa nje.

"Sina chuki na mzee," alisema. "Lakini ukinitazama uso huu, ujue bado naviona vikielea. Usiniombe jambo hilo. Nitakukatalia, halafu nitajisikia vibaya, na mimi kujisikia vibaya sikuzoea."

Mama Pacha alirudi nyumbani, akampigia simu mdogo wake, bila kusukumwa na kamati wala mtu. Akamwambia aje Jumamosi.

Alifika Ijumaa jioni na gari la kuazima. Bwana Maji alimpokea vizuri sana, akamwita mgeni, akamuuliza safari. Kijana wa watu alijibu kila swali, kisha akatoka akasimama uani akitazama magurudumu kwa muda mrefu kuliko yanavyotazamika. Mama Pacha alifungasha begi. Aliweka makoti, redio, dawa, kofia. Mwisho akaleta na jembe.

"Dada," alisema mdogo wake kwa upole, "ghorofa ya tatu. Jembe la nini?"

"Najua," alisema, na akalifungasha.

Asubuhi hawakuwahi hata kumuuliza. Walipoamka mzee alikuwa ameshavaa, amekunja suruali, amesimama mlangoni akihangaika na kitanda cha binti yake kilichomziba. "Shemeji, nipishe," alisema. "Mpunga unataka maji."

Ndugu wale wawili wakatazamana. Mama Pacha alihesabu kichwani: akikimbia chini, mdogo wake angebaki na mzee, na mambo yangekwenda sawa. Lakini hii ilikuwa mara ya mwisho, na hakutaka mara ya mwisho awe upande wa pili wa migomba. Alitaka kusimama karibu naye. Yakifika kwa Kitunguu, basi, gari lilishakuja. Akamshika baba yake mkono wakateremka pamoja, polepole, yule mdogo nyuma yao.

Mzee aliinua kibao. Maji yakapata njia, yakaanza kuteremka.

"Maji hayooo!"

Akainamisha kichwa. Mama Pacha naye alisikiliza, ingawa alijua hakuna cha kusikiliza. Jogoo fulani. Mtu anakohoa njiani.

"Maji hayooo!"

Kimya kingi kina mshindo, wanasema, na kimya kile kilimpiga. Aliona uso wa baba yake ukianza kukunjamana vilevile kama siku ile.  Alifumba macho akaomba maji yaende haraka, yafike, yaharibu, amalize, ampandishe gari. Mdogo wake alikuwa ameshavua kiatu kimoja ili aingie mferejini kufunga.

Kutoka chini, nyuma ya migomba, ikaja sauti nzito, iliyokwaruza, sauti ya mtu aliyesaga meno kwanza ndipo akafungua mdomo.

"Nimepokea."

Mzee aliinua kichwa. Hakusogea.  Pakapita muda, na huenda kule chini mtu aliona maji hayapungui, akadhani hakusikika, akaamua kwamba kama ni aibu basi na iwe kamili.

"Nimepokeaaaa!" Bonde lote likasikia. Mbwa akabweka. Mahali fulani upande wa pili mtu akaangua kicheko, na Kitunguu akamjibu huyo mtu kwa tusi ambalo halina haja ya kuandikwa.

Bwana Maji akashusha kibao. Alikikandamiza kwa mguu, akachota tope, akaziba nyufa moja moja kwa kidole gumba, bila haraka. Kisha akanawa mikono, akajipangusa kwenye suruali, akamgeukia Mama Pacha. Uso wake ulikuwa na wasiwasi mdogo, wa nyumbani.

"Mama yako sauti imemkauka leo," alisema. "Atakuwa amelala na nywele mbichi tena. Mpelekee chai ya tangawizi, mwanangu, kabla baridi haijamshuka kifuani."

 Mama Pacha alimtazama. Alitaka kuliokota lile neno kabla halijaanguka majini.

"Baba," alisema hatimaye, "leo tunalima nini?"

"Mpunga," alisema mzee, akamshangaa. "Kwani huoni?" Akamwekea mkono begani ili apande naye mlima, maana miguu yake ilikuwa imechoka, na njia nzima akamweleza mwanawe jinsi maji yanavyotaka kungojwa, hayapendi kuharakishwa, na jinsi mama yake alivyo mwanamke mkaidi wa kulala na nywele mbichi. Mama Pacha alitembea taratibu kadiri alivyoweza. Alilia njia nzima bila kujificha, na mzee akadhani ni moshi wa jikoni kwa jirani.

Juu uani mdogo wake aliwapita. Alifungua gari, akatoa lile begi, akalirudisha chumbani. Jembe alilitoa peke yake, akaliegemeza nyuma ya mlango mahali pake pa siku zote. Halafu akaketi kizingitini akavaa kile kiatu alichokuwa amekivua.

Chai ilipochemka, Mama Pacha aliimimina kwenye chupa, akasaga tangawizi ya kutosha kumfufua maiti, akateremka nayo mwenyewe. Alimkuta Kitunguu katikati ya matuta, ana buti miguuni, anageuza vile vitunguu vilivyopona, alivyovirudisha juani, uso umeelekea upande usio na mtu. Maji yalikuwa yameishia mbali na tuta la kwanza, yameacha kiunyevu kidogo tu kwenye majani.

"Nilikuwa namsikia siku zote," alisema Kitunguu kabla hajasalimiwa. "Kila asubuhi. Nilidhani anaita mbuzi. Ungeniacha hivyo hivyo ningelala usingizi wangu. Sasa umeshaniambia anaita mtu. Mtu anaitwa, anasikia, ananyamaza? Hata mimi sijafika huko." Akatupia jicho ile chupa. "Hiyo nini?"

"Chai ya tangawizi. Umeletewa. Ya sauti."

"Nani kakutuma?"

"Mumeo," alisema Mama Pacha.

Kitunguu alimtazama kwa hasira ya kutosha kukausha shamba. Kisha akapokea kikombe, akanywa amesimama, na tangawizi ikamtoa machozi, au alisema ni tangawizi. Alikunywa chote. Akakitikisa kikombe, akamrudishia.

"Mwambie kesho asichelewe," alisema. "Na mimi nina kazi zangu."

Akarudi kugeuza vitunguu.